Fing kwenye simu yangu: nilivyowajua wageni 11 wa Wi-Fi ya steshenari

Nina steshenari ndogo hapa Ligula, Mtwara mjini. Natoa kopi, naprinti, na wanaojaza maombi ya ajira na ya mikopo ya chuo wanakaa kwenye kompyuta zangu mbili. Intaneti ndiyo roho ya kazi hii. Ikigoma, mteja anasimama, anakiangalia kile kiduara kinavyozunguka kwenye skrini, anasema "basi dada, nitapita baadaye," na hapiti tena.

Msimu wa maombi ya mikopo ilianza kusuasua kila siku kuanzia saa nane mchana. Nilipiga simu huduma kwa wateja mara tatu, na mara zote tatu nikajibiwa kwamba laini yangu haina tatizo. Sikuamini hata kidogo. Nilishaanza kuulizia gharama za kuhamia kampuni nyingine, ndipo mteja wangu mmoja, kijana anayefunga kamera za ulinzi, akaniambia, "Dada, kabla hujahama, angalia kwanza nani yuko ndani." Akaniwekea Fing.

Fing ni programu ya kuskani mtandao. Unaipakua bure, unaunganisha simu na Wi-Fi yako, unabonyeza, na baada ya muda mfupi inakuletea orodha ya vifaa vyote vilivyoungwa humo. Mtandao wa kawaida wa nyumbani au dukani una nafasi 254 za anwani za IP, yaani namba ambazo kila kifaa hupewa kikiingia mtandaoni. Programu inapita nafasi zote hizo kama mtu anayebisha hodi mtaa mzima, na anayeitika anaandikwa. Ukiwa kwenye data ya simu haitakusaidia, lazima uwe ndani ya Wi-Fi hiyo hiyo.

Mwanzoni itakuomba ruhusa ya kujua mahali ulipo. Hapo wengi huogopa wakakataa, nami nilikataa. Baadaye nikaelewa kwamba Android yenyewe ndiyo inayodai hivyo: programu haisomi hata jina la Wi-Fi bila ruhusa hiyo, maana majina ya Wi-Fi yaliyo karibu nawe yanaweza kufichua uko wapi. Nikaruhusu, ila kwa wakati ninapoitumia tu.

Orodha ya kwanza ilikuwa na vifaa 19.

Nikachukua daftari la madeni, nikageuza ukurasa wa nyuma, nikaandika vya kwangu. Kompyuta mbili za mezani, laptopu yangu, printa, kamera, simu yangu, simu ya msaidizi wangu. Saba. Ruta yenyewe, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi, nayo huhesabiwa, nane. Kumi na moja zilizobaki sikuzijua, na nyingi hazikuwa na jina, anwani tu.

Sasa hapa kuna jambo ambalo nataka mwenzangu mwenye duka alijue kabla hajaipakua. Simu yangu ina Android 13, na kwenye Android za miaka ya karibuni mfumo unazizuia programu zisisome namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao, ya vifaa vya wengine. Kwenye iPhone ni vivyo hivyo. Ni ulinzi wa faragha, lakini unaipunguzia Fing macho. Msaidizi wangu alikuwa na simu ya zamani kabatini, Android 8, kioo kimepasuka kona. Tuliichaji, tukaweka Fing, tukaskani upya, na namba za MAC zikatokea zote. Namba hiyo ina tarakimu na herufi 12, na zile 6 za mwanzo humtaja mtengenezaji. Kwa hiyo kama una simu kuukuu ndani, usiitupe. Kwa kazi hii inaishinda mpya.

Lakini nayo ina mpaka. Tangu Android 10 na iOS 14 ya iPhone, simu hujitungia namba ya MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi inayoingia. Utaijua kwa kutazama alama ya pili ya namba hiyo: ikiwa ni 2, 6, A au E, basi si namba ya kiwandani, na jina la mtengenezaji usilitarajie. Kati ya zile 11 zangu, 7 zilikuwa za namna hiyo. Chache kati ya zilizobaki zilisomeka Tecno.

Nikamkumbuka kijana wa jirani yangu, fundi cherehani, anayeshinda na Tecno mkononi pale barazani. Nilishavaa ndala ili nikamseme kwa mama yake. Namshukuru Mungu nilisita mlangoni. Nusu ya wateja wangu wana Tecno. Programu hii inakuonyesha simu, mtu haikuonyeshi, na ujirani ukivunjika kwa dhana hauungiki kwa samahani.

Nilichofanya ni kusubiri. Saa tatu usiku tulifunga duka, nikazima kila kitu isipokuwa ruta, nikaskani. Ukiondoa ruta na simu yangu, bado zilikuwa 3 hewani. Nikatoka nje. Kwenye benchi chini ya mwembe, mita kama kumi kutoka ukutani kwangu, vijana watatu wa chuo nyuso zinang'aa kwa mwanga wa simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wi-Fi hiyo mmeitoa wapi, wadogo zangu?"

Mmoja akajibu bila woga: "Si ulimpa mwenzetu mwenyewe, siku ile anajaza fomu? Yeye akatuonyesha hii." Akafungua simu, ukatokea msimbo wa QR, na chini yake nywila yangu imeandikwa herufi kwa herufi. Simu za Android, kuanzia toleo la 10, zinakuwezesha kumpa mwenzako Wi-Fi kwa msimbo tu. Niliyempa mmoja nilikuwa nimewapa wote. Hakuna aliyeiba. Na ile kampuni niliyoilaumu wiki nzima haikuwa na kosa.

Nilibadilisha nywila usiku ule ule. Kesho yake saa nane mchana fomu zilikwenda bila kusuasua.

Kwa haki niseme pia isichofanya. Fing ya simu haikuonyeshi kila kifaa kinakula data kiasi gani, hiyo utaitafuta kwenye ukurasa wa ruta kama ruta yako inao. Na kumfungia mtu kwa namba ya MAC hakusaidii sana, maana simu ya siku hizi inaweza kujitungia nyingine. Kama shida yako ni Wi-Fi isiyofika chumbani, tafuta WiFiman, programu ya kampuni ya Ubiquiti inayopima nguvu ya mawimbi. Niliitumia kwa shangazi Mikindani, kwenye nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe: ukumbini -48, chumba cha ndani -83. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kuta zile nene zinayameza.

Faida ambayo sikuitegemea ilikuwa ya printa. Kila baada ya siku chache kompyuta zilikuwa zinadai printa haipo, na fundi akija anaiweka upya, 15,000. Kwenye Fing niliona printa imekaa anwani ya 192.168.1.14, wakati kompyuta zilikuwa zinaitafuta 192.168.1.9. Ruta ilikuwa inaipa anwani mpya ikiwashwa baada ya umeme kukatika. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikaitengea printa anwani moja ya kudumu. Fundi sijamwita tena.

Kwenye Fing kuna pia sehemu ya kuangalia milango iliyo wazi kwenye kifaa, yaani njia zenye namba ambazo mtandao huingilia humo. Niliijaribu kwenye kamera, nikakuta mlango namba 23 uko wazi, na nywila ni ile ile ya kiwandani. Ni kupitia mlango huo, mwaka 2016, programu haribifu ya Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani. Kijana wa kamera alikuja akaufunga na kuweka nywila mpya nikiwa nimesimama pembeni. Sehemu hii itumie kwenye vifaa vyako tu. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Wale vijana wa mwembeni sikuwaacha hivi hivi, wanasoma na vifurushi ni ghali. Nimefungua mtandao wa wageni kwenye ruta, wenye kasi niliyoipunguza. Nikaingia humo kama mgeni, nikaskani: mistari miwili tu, ruta na simu yangu. Printa haikuonekana, kamera haikuonekana. Nywila ya wageni iko kwenye karatasi pale kaunta, naibadilisha kila Jumatatu asubuhi.