Jimu moja ya Ilazo, Dodoma: nenda jioni, asubuhi usithubutu

Nina miezi mitatu hapa, elfu 50 kwa mwezi. Siku ya kwanza nusura iwe ya mwisho. Kocha wa asubuhi alinipigisha hatua ndefu za kushusha goti, mia moja, vyuma mkononi. Mimi, ninayekaa kwenye kiti cha ofisi kule Mtumba kuanzia saa moja na nusu mpaka jioni! Nikatoka najiona shujaa.

Kesho yake mapaja yakaanza kuuma. Kesho kutwa ndiyo ikawa balaa, na choo cha kwetu ni cha kuchuchumaa. Mkono mmoja kwenye komeo, mwingine kwenye ndoo, nikajishusha kama bibi. Cha ajabu, ngazi za ofisini nilipanda. Kushuka ndiko nilikoshuka kinyumenyume huku wenzangu wakinirekodi. Nikamwambia kocha, akanijibu maumivu ndiyo mazoezi.

Wa jioni yeye kwanza aliniuliza rangi ya mkojo. "Dada, ungekuwa kama chai ya rangi tungekwenda hospitali sasa hivi." Kisha akaniambia kinacholeta maumivu hayo siyo asidi ya kwenye misuli, kama watu wanavyosema, maana hiyo huisha mwilini ndani ya saa moja au mbili. Msuli huumia zaidi unapovutika huku umebeba mzigo, kama paja linapokuzuia usidondoke ukishuka ngazi. Vinyuzi vyake vinachanika, na mwili ukivirekebisha unajipanga kwa safari ijayo. Nikauliza kama baiskeli ya pale ndani ingenikinga. Akacheka: baiskeli msuli unajikunja tu, kushuka kunazoeshwa na kushuka.

Akanipumzisha mpaka maumivu yaishe, halafu hatua nane mara mbili, nikishuka kwa kuhesabu mpaka tatu. Wiki ya nne tukarudia mia ileile, vyuma vilevile. Asubuhi yake mapaja yalikaza kidogo, basi. Baadaye nikaenda msibani Kondoa, nikakaa wiki tatu bila kugusa chuma, nikarudi nikidhani naanza upya. Wapi! Kumbe kinga ile hukaa wiki kadhaa, hata miezi.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya yule wa asubuhi, ambaye juzi tu nimemwona akimpigisha mgeni mia ileile. Vioo vina vumbi, feni moja haizunguki. Bafuni maji yanakatika, njoo na dumu lako.