Nilibonyeza "Popote", Nikaishia Kutaisi

Programu nyingi za kutafutia tiketi za ndege zina kitufe ambacho watu hukipita tu. Pale pa kuandika unakokwenda, unaacha jina la mji na kuchagua "Popote". Pa tarehe unaweka mwezi mzima. Programu inakupangia dunia kuanzia nauli ya chini kwenda juu. Nilikuwa na likizo ya siku 12, na kichwani nilikuwa na Paris na Istanbul kama kila mtu. Orodha ilipofunguka, Paris ilikuwa huko chini kabisa. Karibu na juu kulikuwa na jina ambalo ilibidi nilitafute kwenye ramani: Kutaisi.

Uko magharibi mwa Georgia. Ile nchi ya Kaukazi, mashariki mwa Bahari Nyeusi, si jimbo la Marekani. Rafiki yangu mmoja aliniuliza kama nitapita Atlanta. Nauli kuwa chini hakuna maajabu. Mashirika ya bei nafuu hupenda viwanja vidogo vyenye tozo ndogo na foleni fupi, na ndivyo miji kama Kutaisi, Skopje au Tirana inavyopanda juu ya orodha bila mtu kuitangaza.

Kwa kazi ya kutafuta, programu naipa nyota zote 5. Kalenda yake ya nauli peke yake inatosha: nilisogeza safari kutoka Ijumaa hadi Jumanne, bei ikashuka karibu nusu.

Kununua ndiko kulikonitoa jasho. Programu yenyewe haiuzi tiketi. Inakurusha kwa wakala, na anayekaa juu ni yule mwenye bei ya chini, awe mwema au la. Wakala niliyempata (jina lake naliacha) alikuwa ameshona safari yangu kwa tiketi mbili za mashirika mawili yasiyojuana, na katikati nina saa 3 na dakika 10 za kusubiri Budapest, Hungaria. Chini, kwa herufi za sisimizi, kuliandikwa "uhamisho binafsi". Nikabonyeza "Kubali" kama tunavyokubali kila kitu.

Maana yake niliijua baadaye. Huendi moja kwa moja kwenye lango la ndege ya pili. Unatoka kupitia uhamiaji, kwa hiyo unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kama Hungaria huna shughuli nayo. Viza ninayo, la sivyo safari ingeishia kwenye kaunta ya kwanza. Unasubiri begi lako kwenye mkanda, kisha unaenda kupanga foleni upya kama mtu aliyetoka nyumbani. Na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikujui.

Ya kwanza ilichelewa saa 2 na dakika 40. Nilipofika kaunta ya pili nikitweta, dada aliyekuwa akikusanya karatasi zake hakusema neno. Alinionyesha tu saa ya ukutani kwa kalamu.

Nilijipa moyo na kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayompa abiria fidia ya euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Lakini ukichelewa kufika, fidia huanzia saa 3. Nilipungukiwa dakika 20! Na hata ningezifikisha, hesabu ingekuwa ya ile tiketi ya kwanza peke yake. Ndege iliyonipita kwa tiketi nyingine hakuna anayeibeba.

Ila wakala alikuwa ameniuzia "dhamana ya kuunganisha", yaani ahadi ya kunisaidia nikiikosa ndege ya pili, na nikailipia. Hapo ndipo nilipopigwa danadana. Wakala: wasiliana na shirika. Shirika: aliyekuuzia ni wakala. Wakala tena: tuma uthibitisho wa kuchelewa. Nikatuma. Kimya. Ndege iliyofuata ya Kutaisi ilikuwa baada ya siku 2, kwa hiyo nikanunua tiketi mpya na kulala Budapest bila kupanga. Nauli yote niliyodhani nimeiokoa ikaishia hapo, na nyongeza ikatoka mfukoni.

Halafu nikafika, na hasira ikakosa pa kukaa.

Nje kidogo ya mji kuna monasteri ya Gelati, iliyoanzishwa mwaka 1106 na mfalme Davit, yule wanayemwita Mjenzi. Imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1994. Kaburi lake halimo ndani kwenye marumaru. Ni bamba refu la jiwe lililolazwa chini ya lango la zamani la kusini, pale hasa pa kupita, ili kila aingiaye amkanyage mfalme. Nilisimama mbele yake nikiwa nimekunja mguu, nimeshindwa kuushusha. Mzee mmoja akanipita, akakanyaga bila wasiwasi, akaenda zake.

Siku nyingine nilikwenda Tskaltubo, mji wa chemchemi ambako wakubwa wa Kisovieti walipumzika. Majumba ya mapumziko yamebaki na nguzo nzito na miti ndani ya kumbi. Miaka ya 1990 yalipokea watu waliokimbia vita ya Abkhazia, eneo lililojitenga na Georgia, kwa hiyo usipige picha madirishani kama vile hakuna mwenyewe. Usafiri ni marshrutka, basi dogo linaloondoka likijaa. Vibao vingine vimeandikwa kwa alfabeti yao tu, yenye herufi 33, basi mwonyeshe dereva jina la mji kwenye simu.

Kuhusu pesa nina moja tu: mashine ya benki ikikuuliza ukatwe kwa sarafu ya kwenu au kwa lari, sarafu ya Georgia, chagua lari. Ile nyingine wanakupangia kiwango wanachotaka wao.

Kwa jumla naipa huduma nzima nyota 3. Mbili zilizopungua ni za wakala, ambaye hadi leo hajajibu barua pepe yangu ya tatu. Wiki iliyopita nimebonyeza "Popote" tena. Juu kabisa imekuja Skopje. Nikaandika namba ya ndege, nikaifunga programu, nikaenda kukata tiketi kwa shirika lenyewe, bila kubadilisha ndege njiani.