Bakuli la nakala ya Xuande kutoka Usita wa Mui, Lamu

Bakuli hili ni nakala mpya ya kauri za kifalme za Kichina za zama za mfalme Xuande, na linauzwa shilingi 6,500 katika duka dogo la mapambo kwenye Usita wa Mui. Mwenye duka hadai kuwa ni la kale, uungwana ambao si wa kawaida katika biashara hii. Makombe na mabakuli yaliyopamba zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za mawe za Lamu yalikuwa, kwa sehemu kubwa, bidhaa za biashara. Yale ya kasri hayakutengenezwa ili yauzwe, na yaliyotoka na kasoro katika majoko ya kifalme ya mji wa Jingdezhen, China, yalivunjwa na kufukiwa huko huko.

Umbo halina lawama. Ukuta ni mwembamba hata ukilielekeza kwenye jua unaona kivuli cha vidole upande wa pili, na ukiligonga kwa ukucha linalia kwa sauti kali isiyokatika upesi, sifa zitokanazo na udongo wa kaolini uliochanganywa na unga wa jiwe, kisha ukachomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,300.

Kasoro imo katika buluu. Mafundi wa zama za Xuande (1426–1435) walichora kwa kobalti, madini yatoayo rangi ya buluu, juu ya udongo usiochomwa, ndipo wakapaka maji ya kung'arisha. Na kwa kuwa kobalti yao ilikuwa na chuma kingi, ilirundikana hapa na pale, ikaacha madoa meusi yaliyozama ambayo kidole huweza kuyahisi. Hakuna aliyeyapanga. Hapa yamedonolewa kwa brashi kwenye ncha ya kila jani la yungiyungi, kwa nafasi zinazolingana mno, na ukiyapapasa huhisi kitu. Herufi sita za Kichina zitajazo enzi, zilizo chini ya bakuli, zimeandikwa kwa pupa, na kitako kinakwaruza meza, ilhali kitako cha kifalme kilisuguliwa kikawa laini.

Kwa kidaka cha sebuleni linafaa, na bei ni ya haki. Ningependa tu duka liandike neno “nakala” kwenye risiti, kwani mnunuzi wa pili hatakuwapo kusikia maelezo. Ufungaji wao ni hafifu, karatasi moja ya gazeti. Anayevuka kwenda Mokowe kwa boti aje na kitambaa chake.