Unataka ndege kubwa ya vita ya rimoti? Angalia miguu kwanza

Kila anayeniuliza anunue ndege gani huwa ananitumia picha, na picha yenyewe ni ileile, Spitfire imelalia ubavu angani, mabawa yamechongwa kama yai, jua linapiga kwenye rangi. Mi namjibu nitumie picha yake ikiwa chini, imesimama, imepigwa kutoka mbele, niione miguu. Wengi wanadhani natania. Sitanii hata kidogo, kwa sababu ndege hizi zikiwa hewani karibu zote ni nzuri, zinapoharibikia ni pale zinapokimbia kuruka na pale zinapotua, na hapo sura haikusaidii kitu, kinachokusaidia ni upana wa miguu na mahali ilipofungwa.

Tuelewane kwanza kubwa ni ipi. IMAA, chama cha kimataifa cha ndege kubwa za modeli, wanahesabu ndege ya jozi moja ya mabawa kuwa kubwa ikifikisha inchi 80 bawa hadi bawa, yaani kama mita 2.03, au kama ni robo ya ile halisi na kuendelea. Mwongozo huu ni wa anayetafuta ya kwanza, hivyo naongelea za mita 2 hadi 2.3 hivi, injini ya petroli ya cc 50 hadi 60 au umeme wa nguvu hizo, uzito kilo 10 hadi 13. Ukipanda juu ya hapo injini, servo (vile vimota vinavyosogeza vibao vya mabawa na mkia) na gari la kubebea vyote vinapanda nawe, na ukikaribia kilo 25 unaingia kwenye eneo la vibali maalum, Uingereza mpaka wa kawaida ndo huo kilo 25 na Marekani ni pauni 55 ambazo ni karibu kilekile.

Na ukubwa wenyewe sio sifa tu. Ukikuza ndege mara mbili eneo la mabawa linaongezeka mara nne ila uzito unaelekea mara nane, kwa hiyo kubwa inaruka kwa spidi zaidi, lakini ukilinganisha spidi hiyo na urefu wa mwili wake inaonekana inakwenda taratibu, inatulia, kaupepo kadogo hakaitikisi. Ndo maana aliyezoea vile vidogo vya povu akishika kubwa siku ya kwanza anasema mbona hii rahisi. Rahisi mpaka uje kutua bana.

Kipimo changu ni hiki, na unaweza kukifanya palepale kwa muuzaji bila kifaa chochote. Kwa ndege ya tairi la mkia, inua mkia mpaka ndege ikae sawa kama inavyokaa angani, halafu chuchumaa pembeni uangalie ekseli ya matairi iko wapi ukilinganisha na ukingo wa mbele wa bawa. Ikiwa usawa wa ukingo huo au imetangulia kidogo, nzuri. Ikiwa imerudi nyuma, jua kabisa kwamba kila ukitua kwenye nyasi ndege itataka kupiga magoti na kuzika pua. Kisha nenda mbele uangalie nafasi kati ya tairi na tairi. Basi, hayo mawili ndo yaliyonipangia orodha hii.

1. P-47 Thunderbolt

Sio nzuri kwa sura, nakubali, wenyewe Wamarekani waliiita mtungi. Ila kwa ndege kubwa ya kwanza sijaona inayoishinda. Miguu iko mbali mbali na inakunjwa kuelekea ndani. Ile halisi ilikuwa na propela kubwa mno hadi miguu ikabidi iwe mirefu, ikawa inafupishwa wakati wa kukunjwa ili ienee kwenye bawa, na modeli inarithi urefu huo, kwa hiyo propela ya inchi 22 au 23 haisagi ardhi kirahisi. Pua ni pana na ya duara kwa sababu ya injini yake ya silinda 18, na hapo ndo raha ilipo, maana injini kama DLE 55 au 61 inaingia mzima mzima na hutoboi kofia ya injini ili kichwa cha silinda kitokeze kama jipu. Hewa ya kupoza inaingia kwa wingi, wewe kazi yako ni kuhakikisha tundu la kutokea ni kubwa kuliko la kuingilia, la sivyo hewa inajaa mle ndani inakaa na silinda inaungua kimyakimya.

Na flapu zake, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ni pana. Ukishusha flapu ukaiacha na mafuta kidogo inakuja kama basi linaloingia stendi, inatua kwa matairi mawili, mkia unashuka wenyewe. Kama una hela ya kuchezea baadaye, pua hiyohiyo inapokea injini ya duara ya kampuni ya Saito ya silinda tatu ya cc 60, mlio wake ukiusikia utasahau hata chakula.

2. T-28 Trojan

Hapa kuna watu watanirukia, watasema hiyo ni ya mafunzo sio ya vita. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1949 kama ndege ya mafunzo, kweli, lakini baadaye ilifungwa silaha ikaenda kupigana huko Asia, kwa hiyo ugomvi huo mi siutaki. Ninachotaka mimi ni lile tairi la pua. Ndege ya matairi matatu haizunguki kama pia la kuchezea ukikosea usukani, unaiona inanyooka yenyewe, na kama hujawahi kutua ndege ya tairi la mkia hii ingekuwa namba moja kwako bila mjadala. Imeshuka ya pili kwa sababu mguu wa pua ndo unaobeba makosa yako yote, kwenye uwanja wenye mashimo unapinda, na ukipinda unang'oa kibao chake cha mbao. Uwanja wenu ni wa lami au nyasi zilizonyolewa vizuri? Chukua.

3. P-51 Mustang

Kila kiwanda kinaitengeneza, vipuri viko kila mahali, miguu ni mipana na inakunjwa kuelekea ndani, huna cha kulaumu. Tatizo ni mbili. Ya kwanza pua nyembamba, ile halisi ilikuwa na injini ndefu ya kupozwa kwa maji, sasa wewe unataka kuingiza silinda moja iliyosimama na eksozi yake, lazima kitu kitokeze. Kwa hiyo Mustang ndo ndege pekee kwenye orodha hii ambayo nakwambia nenda umeme moja kwa moja, betri za lipo za seli 12, pua inabaki safi. Ya pili ni kwamba ukiipunguza spidi sana huku umevuta elevata, kile kibao cha mkia kinachoinua pua, kwenye kona ya mwisho ya kuja kutua, bawa moja linadondoka bila hodi. Usiikokote. Ije na spidi, uisawazishe karibu na ardhi, ndo uipunguze.

4. Corsair

Mabawa yale yaliyokunjika kama ya shakwe yalikuwepo ili miguu iwe mifupi huku propela ikiwa kubwa, na miguu mifupi ni imara. Kwenye kutua iko vizuri kuliko watu wanavyosema. Nimeishusha kwa sababu mguu unakunjwa kurudi nyuma huku unajizungusha nyuzi karibu 90 ili tairi lilale ndani ya bawa, na kila kinachozunguka kinachoka. Sehemu hiyo ya kuzungusha ikipata mchezo kidogo tairi linaangalia pembeni, na ndege inafuata tairi.

Kwa mtu anayechukia hizo habari za kukunja kuna Stuka, miguu yake haikunjwi kabisa, imevalishwa viatu tu. Hamna pampu, hamna mota, hamna usiku wa kukosa usingizi. Ni nzito nzito angani ila inapendeza. Zero nayo nzuri, miguu mipana, nyepesi, ukiipata nunua, sina la zaidi.

Jamani AT-6 Texan, ile wanayoiita pia Harvard. Wageni wanaichukua wakisikia ilikuwa ya mafunzo, wakidhani ni pole. Ilikuwa inawafunza marubani kweli, kwa kuwaadhibu. Modeli yake inadondosha ncha ya bawa ikiwa na spidi ndogo na inapenda kujizungusha ikiwa inakimbia ardhini. Hiyo iwe ya tatu au ya nne.

5. Spitfire

Ninayo. Naipenda kuliko zote. Usiinunue kwanza.

Miguu inakunjwa kuelekea nje, kwa hiyo mashina yake yako karibu na bodi na matairi yamebanana, na katika nyingi nilizochuchumalia ekseli imerudi nyuma kuliko ninavyotaka. Msimu wangu wa kwanza nayo nilivunja propela tatu, zote kwenye kutua ambako watu pembeni walishapiga makofi. Inagusa chini vizuri, inakimbia mita kumi, inapungua, halafu taratibu kabisa, kama mzee anayeinama kuokota kitu, inaweka pua chini. Tak. Dawa niliyopata ni kupinda mashina ya miguu nyuzi chache mbele na kushikilia elevata juu mpaka isimame kabisa, sio mpaka ionekane imesimama.

6. Bf 109

Zile halisi za Wajerumani zilitengenezwa zaidi ya 33,000 na nyingi zilivunjika zikiruka au zikitua, na waliokuwa ndani ni watu waliofunzwa kazi hiyo. Miguu imefungwa kwenye bodi ili mabawa yaweze kufunguliwa ndege ikiwa imesimama, wazo zuri kwa fundi, baya kwa rubani, imebanana na matairi yametanuka kama miguu ya ndama. Ukifungua mafuta ghafla inavuta kushoto na usukani wa mkia bado haujapata upepo wa kuizuia. Zote hizi zinavuta kushoto, ndo maana nawaambia fungua mafuta taratibu ukihesabu hadi tano huku kidole kimeshaanza kuegemea kulia, lakini hii haikupi hiyo tano.

Sasa mambo ambayo hayamo kwenye picha ya boksi

Miguu ya kukunja yenyewe inauzwa kando mara nyingi, na hapa ndo bajeti za watu zinapofia. Kuna ya hewa na ya umeme. Ya hewa inakunjwa kwa ulaini unaovutia, unajaza tangi kwa pampu hadi kama psi 100, ila inavuja, sio labda, inavuja. Ukiiuziwa ijaze jioni uikunje, asubuhi uangalie kama imebaki ilivyokuwa, na kila kiungo kipake maji ya sabuni utafute mapovu. Ya umeme inaendeshwa na skrubu ndani, haivuji, ila pini ikipinda hata kidogo mota inakwama na mguu mmoja unabaki nusu. Mi nimehamia umeme na sirudi, nabeba pini za akiba nne kwenye boksi.

Servo hesabu vizuri, eleroni (vibao vya kuilaza ndege ubavu) mbili, flapu mbili, elevata mbili, usukani wa mkia, kabureta, tayari nane. Za gia za chuma, na usipunguze hapo ili ubakize hela ya stika. Risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, ipate betri mbili na swichi mbili, na injini iwe na swichi ya kukata moto unayoipata kutoka kwenye rimoti, maana kilo 12 zenye propela ya inchi 22 hazina rafiki.

Ukinunua iliyotumika

Nyingi nzuri ziko hapa, mtu kaijenga miaka miwili akaogopa kuirusha, kaamua kuiuza. Ila usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Toa kofia ya injini, weka pua yako kwenye ile mbao ya mbele inayoshika injini, unuse. Harufu kidogo sawa, ila ikiwa mbao ni nyeusi na ukucha unazama, petroli na oili vimeshaila na siku moja injini itaondoka bila ndege. Halafu shika tairi ulisukume mbele na nyuma huku sikio liko kwenye bawa. Ukisikia kwi kwi kwi, kibao cha mguu kimeachia gundi, na hiyo ni alama kwamba ilishatua vibaya hata kama mwenyewe anaapa. Injini aiwashe mbele yako ikiwa baridi, sio umkute ameshaipasha. Betri zake mwachie tu.

La mwisho, pima gari. Mabawa ya nyingi yanafunguka vipande viwili, bodi inakaribia mita 2, watu wanapima huo urefu wanaridhika. Mimi pia nilipima bodi nikaridhika, tumefika kuichukua, tunaiingiza, bodi inaingia, mkia hauingii, maana yale mabawa madogo ya mkia kwa yangu yalikuwa yamegundishwa hayatoki na kwa upana yalipita mlango. Tulirudi nyumbani na mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, mkia wa Spitfire unachungulia nje, na kila tukisimama kwenye taa madereva wa nyuma wanapiga picha.