Uzoefu wangu na gundi ya kukanda kwenye tangi la bati linalovuja

Nimetumia gundi ya aina hii mara mbili kwenye tangi lilelile. Mara ya kwanza ilidumu siku 9. Mara ya pili imefika miezi 14. Tofauti haikutoka kwenye gundi, na ndiyo sababu nimeona niandike kwa kirefu.

Tangi letu ni la bati lililopakwa zinki, lita 1,000, kimo chake mita 1 na kidogo. Uvujaji ulianza kama unyevu tu, juu kidogo ya kitako. Nilidhani ni umande. Nikapangusa, nikasubiri, tone likajikusanya tena palepale. Tundu halikuzidi ncha ya sindano, lakini ndoo niliyoitega chini yake usiku ilikutwa asubuhi na maji ya kutosha kunawa nyumba nzima.

Gundi yenyewe ni ya epoksi, inauzwa kama mche mdogo wenye rangi mbili: ganda la nje rangi moja, kiini cha ndani rangi nyingine. Unakata kipande, unakikanda mpaka rangi zote mbili zipotee ibaki moja, kisha una dakika chache tu za kukibandika kabla hakijaanza kukaza. Ukisikia kinapata joto kiganjani, ujue muda unakwisha. Vaa glavu, kwa sababu epoksi mbichi inaweza kuidhuru ngozi, na wengine huanza kuwashwa kila wanapoigusa baada ya hapo.

Karatasi ya maelezo ilisema inashika hata penye unyevu. Nikaamini. Nikasugua kwa msasa juu juu, nikabandika kwa nje huku tangi lina maji, tone likakatika. Siku ya 9 nikakikuta kiraka kimelala chini, kizima kabisa, kigumu kama jiwe. Nikakigeuza. Mgongoni kilikuwa kimebeba ngozi nyembamba ya kutu. Gundi haikuachia hata kidogo. Kilichobanduka ni kutu iliyoshikwa na gundi.

Kosa la pili lilikuwa kubandika nje. Maji yenye kimo cha mita 1 husukuma kila sentimita moja ya mraba kwa nguvu ya uzito wa gramu 100 hivi. Ni nguvu ndogo, lakini haipumziki usiku wala mchana, na kadiri maji yanavyojipenyeza nyuma ya kiraka, ndivyo eneo linalosukumwa linavyopanuka. Kiraka cha ndani kinasukumwa na maji hayohayo kuelekea kwenye bati. Nilitakiwa kuliona hilo kabla ya kukata kipande cha kwanza.

Nikamwita fundi wa kuchomelea. Hakuwasha hata mashine. Alizunguka tangi akiligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza. Penye bati lisiloliwa palitoa mlio. Kando ya tundu sauti ilikufa. Akasema bati limeliwa, moto ungelifanya tundu la sindano liwe la kupitisha kidole. Akaeleza pia habari ya zinki: inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka karibu nyuzi 1,500, kwa hiyo unapochomelea bati la namna hii lazima utoke moshi mweupe, na anayeuvuta anaweza kutetemeka kwa homa saa chache baadaye. Namshukuru mpaka leo. Angeweza kuichukua ile kazi.

Basi nikalimwaga tangi lote, na hapo ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Kitakoni kulikuwa na mashapo unene wa kidole, na chini yake vipele vya kutu vya kahawia. Nilipokikwangua kimoja, mwanga ukapenya. Kumbe tundu lilikuwa limechimbwa kutoka ndani, miaka kwa miaka, chini ya tope ambalo sikuwahi kuliondoa. Nikakwangua vipele vyote na kupata sehemu nyingine 3 zilizobakiza bati jembamba kama karatasi. Zingetoboka moja baada ya nyingine.

Kazi ya kusafisha ilichukua karibu siku nzima, na kubandika hakukufika saa moja. Brashi ya waya kwanza, kisha msasa, mpaka chuma king'ae, tena si kwenye tundu tu bali sentimita 4 au 5 kulizunguka. Halafu nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti na kuacha pakauke kabisa. Anayefanya hivi asiingize mwili wote ndani ya tangi akiwa peke yake: mvuke wa spiriti hauna pa kutokea. Mimi niliinamia mdomoni, mfuniko umetolewa, na mtu amesimama nje akinisemesha muda wote.

Tundu lililokuwa likivuja sikulitia gundi peke yake. Nililipanua kwa drili mpaka kwenye bati lisiloliwa, nikapitisha boliti yenye washa (pete bapa) za mpira ndani na nje, zikabanwa na washa pana za chuma. Boliti ni ya chuma kilichopakwa zinki. Ya shaba niliiepuka, kwa kuwa shaba ikigusana na zinki ndani ya maji, zinki huliwa upesi zaidi. Kaza mpaka mpira uanze kututumka pembeni, basi; ukizidisha, bati linajikunja na maji yanapata njia. Zile sehemu 3 nyembamba nilizifunika kwa gundi kutoka ndani, nikiibonyeza kwa nguvu na kuilainisha kingo zake zilale sawa na bati.

Mche wa pili niliununua baada ya kusoma maandishi yote ya pakiti, maana ule wa kwanza haukusema lolote kuhusu maji ya kunywa. Kwa nje hilo halikunisumbua, lakini kwa ndani ni lazima iandikwe wazi kwamba inafaa. Kwa sababu hiyohiyo nilikataa ushauri wa kupaka lami ya kawaida kitakoni. Inaziba kweli, lakini hayo maji tunakunywa.

Kiraka kilikaza ndani ya saa moja. Niliacha saa 24 kama ilivyoelekezwa, nikasuuza mara mbili, nikajaza nusu, nikangoja siku nzima, ndipo nikajaza pote.

Lawama yangu kwa bidhaa hii ni hilo neno "inashika penye unyevu" lililoandikwa kwa herufi kubwa, huku usafishaji wa kutu ukitajwa kwa mstari mmoja mdogo upande wa nyuma. Pia mche ukishafunguliwa haukai vizuri. Kipande nilichobakiza kiliota ganda gumu na sikuweza tena kukikanda. Kwa uimara, sina neno. Ni bora mara nyingi kuliko silikoni, ambayo niliijaribu zamani kwenye mshono wa juu ikabanduka kama gome.

Boliti haijatoa tone hata moja. Viraka 2 viko kama nilivyoviacha. Cha tatu kimeanza kuonyesha mstari wa kahawia ukingoni, nami nitakirudia nitakapolimwaga tangi safari ijayo, kwa kuwa sasa natoa mashapo kila baada ya miezi 3 na kuligonga kwa mpini wa bisibisi kama yule fundi. Siku sauti itakapokufa kitako kizima, sitanunua mche mwingine. Nitanunua tangi.