Bristol ya Strathmore 300 na penseli za Lumograph kwenye ukurasa wa katuni

Daftari la Bristol (karatasi nene, ngumu, ya kuchorea) la Strathmore 300 huuzwa kwa aina mbili, na asiyesoma jalada hubeba isiyomfaa. Moja limeandikwa Smooth, jingine Vellum. Uzito ni uleule, gramu 270 kwa mita ya mraba, na zote mbili hazina asidi, kwa hiyo ukurasa haugeuki njano haraka kama manila ya dukani. Kinachotofautiana ni ngozi ya karatasi.

Ile Smooth ni nyororo. Nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya kuchovya wino, hupita bila kunasa nyuzi, na mstari wa rula hutoka na kingo safi. Shida yake ni kwamba penseli haipati pa kushika: grafiti hukaa juujuu, na kiganja kikipita tu, uso wa mhusika umeshachafuka. Weka karatasi safi chini ya mkono tangu mstari wa kwanza. Vellum ina ukwaru mdogo unaousikia kwa kidole. Inaipokea penseli vizuri sana, na brashi yenye wino mchache huacha michirizi inayofaa nywele, vumbi na magome ya miti. Lakini nibu kali huparuza ukwaru huohuo na kurusha matone.

Kwa hiyo jiulize kwanza ukurasa utatiwa wino kwa kitu gani. Kama ni nibu au kalamu za ncha nyembamba, chukua Smooth na uivumilie wakati wa penseli. Kama ni brashi, Vellum bila kusita.

Karatasi yoyote, hata ya bei rahisi, ipime hivi kabla ya kununua nyingi: chora mstari kwa penseli ya HB (ya ugumu wa kati), futa, rudia mara 3 palepale, kisha pitisha wino juu yake. Kingo za wino zikiota vijimizizi, ujue nyuzi zimeinuka. Manila nyingi hushindwa hapo. Zitumie kwa rasimu.

Kuhusu ukubwa, wachoraji wa Marekani hutumia karatasi ya inchi 11 kwa 17, na michoro huwekwa ndani ya eneo la inchi 10 kwa 15, yaani sentimita 25.4 kwa 38.1. Eneo hilo linaingia ndani ya A3 na kubaki takribani sentimita 2 kila upande, hivyo usihangaike kutafuta karatasi ya vipimo vyao. Cha kuangalia zaidi ni kitabu kitachapwa kwa ukubwa gani. A3 ikipunguzwa hadi A5 kila kitu kinakuwa nusu: mstari wa milimita 0.3 unabaki 0.15, na vivuli vya mistari iliyosongamana huziba kuwa doa jeusi.

Sasa penseli. Staedtler Mars Lumograph, zile za mti wa bluu, zimekuwepo tangu 1930 na sifa yake kubwa ni ulinganifu: HB ya leo inachora kama HB ya boksi lijalo. Seti nzima huihitaji. Nunua 2H, iliyo ngumu zaidi, ya kupanga fremu na HB ya kumalizia. 2B, iliyo laini, ni nzuri kwa picha ya sura, ila kwenye ukurasa wa katuni inaacha unga mwingi, na anayetia wino hapo baadaye anapambana na wino usioshika karatasi.

Hiyo 2H nayo ina mtego. Ukiikandamiza, inachimba mfereji ambao kifutio hakiwezi kuuondoa. Inamisha karatasi chini ya taa ya pembeni utauona. Wino ukifika hapo hutuama, na mstari hunenepa pasipotakiwa. Shika penseli mbali na ncha ili mkono ukose nguvu ya kukandamiza. Pia, penseli iliyoanguka sakafuni huvunjika risasi ndani kwa ndani. Ncha ikidondoka kila ukichonga, usikilaumu kichongeo.

Wanaopanga kwa penseli ya bluu ya Col-Erase wako sahihi, mradi waipitishe kwa wepesi, kwa sababu ina nta na wino hauipendi nta. Skani kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, kisha katika GIMP, programu ya kuhariri picha, tenganisha chaneli za rangi na ubaki na ya bluu pekee. Humo mistari ya bluu hupauka karibu kutoweka, wino ukabaki mweusi. Ukichukua chaneli nyekundu kwa makosa, bluu itazidi kukolea.

Kwa walio pwani, daftari likishafunguliwa lilaze ndani ya jalada la plastiki na ubao juu yake. Unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam hukunja kona za Bristol, na kona iliyokunjika haikai sawa kwenye kioo cha skana.