Mosh: mtandao ukiyumba, terminali haigandi

Anayesimamia seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) akiwa kwenye mtandao wa simu anaijua kero hii: amri imeandikwa nusu, simu inahama kutoka Wi-Fi kwenda kwenye bando, skrini inaganda, kisha linakuja "Broken pipe", yaani muunganisho umekatika. Mosh, programu ya terminali ya mbali iliyotoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2012, ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo hilo.

SSH haiondoki. Ndiyo inayokuingiza, kwa ufunguo au nywila yako ya kawaida. Ikishaingia inawasha `mosh-server`, inarudi na namba ya poti na ufunguo wa siri, halafu inajiondoa. Mawasiliano yanaendelea kwa UDP, njia ya kutuma pakiti moja moja bila kushikilia muunganisho. SSH imefungwa kwenye TCP, njia inayoshikilia muunganisho mmoja kati ya anwani mbili, kwa hiyo IP yako ikibadilika muunganisho umekufa. Mosh haijali pakiti imetoka anwani gani, mradi imesimbwa kwa ufunguo sahihi. Funga laptopu Dar es Salaam, ifungue Arusha, utaikuta terminali pale ulipoiacha. Mtandao ukiwa mzito, herufi unazoandika huonekana papo hapo, zikiwa zimepigiwa mstari hadi seva izithibitishe.

Sakinisha pande zote mbili: `sudo apt install mosh`, au `pkg install mosh` ukitumia Termux (terminali ya Android). Kwenye seva fungua poti kwa `sudo ufw allow 60000:61000/udp`, kisha ingia kwa `mosh jina@seva`. Kama SSH yako iko poti nyingine, andika `mosh --ssh="ssh -p 2222" jina@seva`.

Ukiona "Nothing received from server on UDP port 60001", tatizo kwa kawaida ni ngome (firewall). Wengi hufungua ufw, ngome ya ndani ya seva, wakasahau ngome ya pili, ile ya kwenye dashibodi ya kampuni inayokukodisha seva. Wi-Fi ya ofisi au hoteli ikizuia UDP, hapo hakuna ujanja, rudi SSH. Malalamiko kuhusu "UTF-8 native locale", yaani mpangilio wa lugha na herufi, hutibiwa na `sudo dpkg-reconfigure locales`: chagua en_US.UTF-8, toka, ingia upya.

Kasoro inayoudhi kuliko zote ni kwamba huwezi kupandisha skrini juu kusoma matokeo yaliyopita, maana Mosh husawazisha kile kinachoonekana tu. Tena simu ikizima, kikao kile hukirudii. `Mosh-server` inabaki yatima hadi uiue kwa `kill`. Dawa ya yote mawili ni tmux, programu inayotunza kikao chako na matokeo yake kwenye seva hata ukikatika:

`mosh jina@seva -- tmux new -A -s kazi`

Bila tmux, kusema kweli, Mosh ni nusu ya chombo. Kikao kikikwama kabisa, bonyeza Ctrl+Shift+6 kisha nukta.

Mafaili bado utayahamisha kwa `scp` au `rsync`, na seva iliyojificha nyuma ya seva nyingine, ile unayoifikia kwa `ssh -J`, Mosh haiifikii, kwa sababu UDP inahitaji njia ya moja kwa moja.